Rangi ya Uso Wako

Asukile, ndugu yangu,

Kibanda chetu cha kuchapa picha na mabango bado kipo hapa Tunduma. Malori bado yanatutimulia vumbi kuelekea mpakani, na ile kompyuta yako kuukuu bado inawaka. Ni wewe tu usiyekuwepo, na mimi nimeshindwa kuzoea.

Nakuandikia kuhusu picha yako ya msibani. Imenikaa rohoni.

Unakumbuka kioo cha kompyuta yetu, kile cha chogo, kilivyokuwa hakileti nyekundu vizuri. Kila uso ulionekana wa kijani, kama mtu kaamka na malaria. Nilipokuambia tubadili waya wake ukanijibu, "Waya usiguse, mimi na hiki kioo tumeshazoeana." Mbishi kweli wewe. Ukawa unamsimamisha mteja kando ya kioo, unamtazama yeye, unatazama picha, halafu unaiacha na ukijani wake, na ikichapwa inatoka sawasawa. Nami nikazoea hivyohivyo.

Ulipofariki nikasema, picha yako haipiti kwenye waya mbovu. Nikauchomoa, kumbe kijipini kimoja kwenye ncha yake kilikuwa kimejikunja. Nikaweka mwingine, nyekundu ikarudi. Basi nilipofungua uso wako nikauona mwekundu mno. Nikapunguza, nikapunguza tena, mpaka ukafanana na zile nyuso za kijani nilizozizoea kiooni. Hukuwepo wa kusimama kando ya kioo. Gari la msiba lilikuwa limeshawashwa, nikachapa, nikaifunga, tukaondoka.

Tukakuzika kwenu Mbozi, picha ikiwa mbele ya jeneza, ya kijani kabisa. Nilipoiona juani nilitamani niifunike kwa koti langu.

Juzi nimempelekea mama yako nyingine, niliyoitengeneza upya. Akaishika, akaipangusa kwa kanga yake. Kisha akasema, "Huyu ndiye mwanangu. Siku ile nilikuwa nalia huku namtafuta."

Nilikunyima sura yako siku ambayo mama yako aliihitaji kuliko siku zote, na siku hiyo hairudi. Nisamehe, ndugu yangu.

Pumzika. Uso wa marehemu mwingine sitauchapa mpaka aliyemzaa, au aliyekula naye, akae hapa kando yangu aniambie: ndiye.

Mwenzako wa kibandani,
Lusajo