Safu Mbili za Fomu

Dutwa, Jumatano

Kaka Dastan,

Nyumbani tuko wazima na pamba imeanza kupasuka. Chuo kimenipa kazi ya wiki mbili: nakaa kando ya lami kuhesabu mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu. Baba ananicheka. "Chuo gani hicho, mayu wangu, kinachofundisha kuhesabu baiskeli?"

Jumatatu alipita hatua mbili kutoka kiti changu, juu ya ile baiskeli uliyomnunulia. Nilimpungia fomu. Akanitazama usoni, akapita. Basi lilipiga honi nyuma yake, naye akakwepa kuelekea katikati ya barabara. Dereva alimkosa kidogo tu. Jioni akaniuliza mbona sikwenda kazini.

Nilimwambia aende kupima macho. "Barabara hii naijua kwa makalio," akajibu, mama akacheka. Tangu hapo kila honi inaniinua kitini.

Jana nilitoa upepo wa gurudumu la mbele, nikaficha pampu. Asubuhi hii amepita akiikokota baiskeli kwenda kwa fundi, katikati ya lami. Fomu ina safu ya baiskeli na ya waenda kwa miguu, sikumwandika popote. Niliiweka chini ya jiwe, nikaenda kushika usukani.

"Nani huyo?" akauliza.

Nakuandikia kwa simu, kwenye benchi la fundi. Mimi baba hanisikilizi, wewe anakusikiliza. Mbele yetu kuna wateja wawili. Mpigie sasa hivi.

Mdogo wako,
Minza