Droni Ilitua Uani

3 Machi

Mwanangu Fundi,

Droni yako haikupotea. Ilirudi nyumbani, na mimi ndiye niliyeificha miaka yote hii kumi na mmoja.

Salamu zilipaswa kutangulia, lakini pumzi zangu sasa ni za kuhesabu. Hujambo? Wajukuu hawajambo? Mimi nimebaki kifua na kikohozi. Daktari ameacha kunitania, nikajua mambo yameiva.

Ilitua uani saa kumi na dakika nane, shibiri moja tu kutoka kwenye alama ya chaki uliyochora. Ulinipigia simu kutoka uwanja wa mpira: “Baba, nimezima rimoti ijirudishe yenyewe. Imefika?” Nikakujibu sijaona kitu. Imo kwenye boksi la viatu, juu ya kabati langu.

Nisamehe, au angalau nijibu.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole na kifua.

Wiki tatu nilipekua mashamba ya watu nikiitafuta. Nilikagua mipangilio yote, nikajiona mjinga. Nawe ukanishika bega: “Hata mashine zimeichoka nyumba hii.” Mzaha gani ule, Baba? Siku ileile ilipopotea nilirudi mikono mitupu, nikakuta mama hayupo. Ulisema alipanda gari bila kuniaga, bila hata kugeuka nyuma. Nikakataa simu zake mpaka akafa. Mazishini sikwenda.

Uliogopa nini kwenye kidude cha plastiki? Nijibu hilo tu. Usinizungushe.

Binti yako

11 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hamjambo. Mimi sijiwezi, barua hii imenichukua siku nne, mistari michache kila asubuhi. Boksi nimempa muuguzi alitume. Kadi ya kumbukumbu imo. Mara nyingi nilishika nyundo niivunje, nikashindwa. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini, na sijawahi kuchana karatasi ya mtu aliyefeli.

Droni ilikuwa ikirekodi wakati inarudi. Utaona paa, kisha ua, kisha lango. Sauti hamna, kwa hiyo nikwambie yaliyokuwa yakisemwa. Mama yako hakupanda gari lolote. Tuligombana, nikamsukuma nje. Yuko pale barabarani, peku, anapiga lango kwa viganja: “Niache nimsubiri mtoto wangu!”

Mimi niko ndani. Nimeshikilia komeo.