Klavye ya Raoul haiko foni

Glodie, mujukulu yangu,

Mboga ya sombe iko ku mbabula ya makala, ongeza mafuta kidogo. Funga mulango. Niko naenda ku kampi ya baaskari kumutafuta kaka yako Raoul.

Asubui, wakati ulienda kuchota maji, baaskari baliingia. Jirani alisikia Raoul analinganisha zile klavye zake za zamani za kuandikia ku ordinatere, ku kompyuta, tak-tak ya hii, tak-tak ya ile, ajue gani inalia muzuri. Jirani akaenda kubaambia kwetu kuko foni, redio ya kuongea na barebele ba mu pori. Raoul akabaambia, «Shefu, hii ni ya kuandika tu.» Mukubwa wao akabonyeza, ikalia tak. Akasema, «Munasikia? Inajibu.» Bakamufunga na waya ya ile klavye, bakaibeba pamoja naye.

Nilibaomba sana. Muntu mwenye aliingia mule kampi, sijaona amerudi. Lakini chakula yake, bukari na sombe, uiweke.

Zile klavye balisahau chini ya kitanda, ~~uchome zote~~ hapana, usichome. Ficha mu mufuko ya makala. Akirudi ataulizia zile kwanza, kisha ndio mie.

Kambo yako