Ishara Kutoka Kituo cha Tatu

Nebraska, Jumatano mchana

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono yenye harufu ya sabuni, maana jezi za vijana wa timu zinazunguka kwenye mashine hapa nyuma yangu na mtoto amelala. Goti lako linaendeleaje? Na ule mti wako wa pichi, umenusurika na baridi? Sisi tu wazima. Wendell anakohoa kidogo kwa vumbi la uwanjani, mimi nimechoka uchovu ule unaoujua wewe uliyelea wanne, na Lorne anakua kama magugu yaliyonyeshewa.

Ulinilalamikia kwenye simu kwamba namficha mjukuu wako, kila ukipiga namweka mbali na simu. Ukasema nimeshakuwa mtu wa Nebraska, hata mtoto namfanyia ubahili. Nilicheka, nikageuza mazungumzo. Jibu limo humu, ila niache nilifikie kwa mwendo wangu.

Najua umeshapaka rangi chumba cha nyuma. Najua umewaambia watu kanisani kwamba mkweo anakuja Texas kuwa kocha mkuu wa besiboli kwenye chuo kikubwa cha huko, na kwamba tutakaa karibu nawe. Hata mimi nilishaanza kuota. Nilikuwa naiona baraza yako, nawe umembeba mtoto, na mimi nimelala mpaka jua linifikie miguuni.

Alikotoka Wendell unakujua. Wewe ndiye uliyeniuliza kama nimeolewa na mwanamume au na basi la timu. Alianza kama msaidizi asiye na mshahara, akikata nyasi za uwanja na kulala kwenye chumba cha magongo. Kisha tukaja hapa, chuo kidogo katikati ya mahindi, wakampa ukocha mkuu kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Hadi leo basi analiendesha mwenyewe, na jezi nafua mimi. Lakini vijana wake wanacheza, Mama. Ndiyo maana bwana mmoja wa chuo kile cha Texas alikuja kuitazama mechi yetu ya mwisho, ile ya ubingwa. Alishamwambia Wendell kwamba kilichobaki ni kumwona akiwa kazini.

Siku ile upepo ulitulia, jambo ambalo huku ni la ajabu. Vumbi lilisimama hewani likiwa na rangi ya asali, na mipira iliyopigwa juu ilikuwa inakaa huko huko angani kana kwamba imesahau kushuka. Nilikaa jukwaani upande wa kituo cha tatu, kile cha mwisho kabla mkimbiaji hajarudi alikoanzia, Lorne mapajani na kofia yake ndogo ya timu. Kando yangu alikuwa Bi Verna, mjane wa duka la mbegu, ambaye hajawahi kumsamehe mwamuzi yeyote. Alimwambia mwamuzi kwamba macho yake yangekuwa mayai asingeyanunua. Akamgeukia bwana wa Texas, akamuuliza kama ile miwani ya jua ni ya kuonea au ya kulalia.

Timu yetu ikiwa zamuni kupiga, Wendell husimama kando ya kituo cha tatu na kusema na vijana kwa mikono. Hugusa sikio, mkanda, pua, kofia, kifua, haraka haraka kama mtu aliyeingiliwa na siafu, na karibu yote ni danganya toto kwa wapinzani. Mguso mmoja tu ndio ufunguo; unaoufuata ndio neno lenyewe. Wapinzani walikuwa wameshazijua ishara zetu za zamani, kwa hiyo asubuhi ile ndani ya basi alizibadili. Kofia ikawa ufunguo, na kifua mara mbili ikawa kimbia.

Tukafika zamu ya mwisho. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na wawili wetu walikwisha kutolewa. Akitolewa wa tatu, mechi imekwisha. Kwenye kituo cha pili alisimama Tuck Brandvold, kijana wa miguu mirefu. Aliyeshika gongo ndiye mpigaji wetu bora. Tuck alitakiwa kutulia tu, mwenzake aupige mpira, yeye azunguke hadi nyumbani, pale anaposimama mpigaji, tusawazishe. Hakuna kocha mwenye akili timamu anayemtuma mkimbiaji kuiba kituo cha tatu, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa, wakati kama ule.

Wendell akageuza uso kidogo, akatutazama jukwaani. Akatabasamu kama mtu aliyeamshwa taratibu. Akagusa ukingo wa kofia, akajipiga kifuani mara mbili.

Tuck akakimbia. Alikimbia bila kuuliza, kama alivyofundishwa. Mpira ukamtangulia, akaguswa nao akiwa bado anaserereka kwenye vumbi, na mechi ikaishia hapo. Bi Verna alisahau hata kumlaumu mwamuzi.

Mwandishi wa gazeti la mji alipouliza kulikoni, Tuck alidakia kwamba kosa ni lake, jua lilimpiga machoni akaisoma ishara vibaya. Wenzake walimsimanga njia nzima ya kurudi. Walimwita treni, wakamuuliza kama kule kituo cha tatu alikuwa amesahau funguo za gari. Alicheka nao, macho mekundu. Yule bwana wa Texas akampigia Wendell, akasema vijana ni vijana, makosa yao hayahesabiwi kwa kocha. Kazi ni yake, Jumatatu atoe jibu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mama, Lorne hasikii. Tulijua baada ya Krismasi. Wakati wa theluji vijana hufanya mazoezi ndani, na gongo likipiga mpira mule ukumbini hata mimi hushtuka. Yeye alikuwa analala fofofo begani kwangu. Unakumbuka nilivyokuwa najivunia usingizi wake? Sikukwambia kwa sababu nilijua utalia, na ukilia kwenye simu sina mahali pa kukushika.

Tulipotoka kwa daktari, Wendell aliketi sakafuni mbele ya mtoto, akagusa ukingo wa kofia, akajipiga kifuani mara mbili. Maana yake, njoo kwa baba. Ndivyo alivyoendelea miezi yote hii, na mtoto alikuwa akimtazama kama mtu anavyotazama mvua dirishani. Hadi siku ya mechi. Pale mapajani pangu Lorne aliinua mkono wake mwenyewe, akashika ukingo wa kofia yake, akajipiga kifuani, mara moja, kisha tena. Alimwita baba yake mbele ya uwanja mzima, na baba yake akaitika. Alisahau alipokuwa amesimama, na kwamba asubuhi ile, akitafuta ishara mpya kwa haraka, mikono yake ilikuwa imewapa vijana hiyo hiyo ya nyumbani.

Wendell aliniambia hayo jikoni usiku, ameinamisha kichwa. Akasema akilisema hili, hakuna chuo kitakachomtaka kocha aliyepoteza ubingwa kwa kumwitikia mtoto jukwaani. Tena Tuck alijitwika mwenyewe, hakuna aliyemwomba. Nilikuwa naikunja jezi ya Tuck wakati huo. Sikupaza sauti. Nilimwambia kwamba mama yake Tuck naye ana mtoto, na wangu hataenda Texas amebebwa mgongoni mwa wake.

Kesho yake aliwakusanya vijana kwenye nyasi, akawaeleza yote. Kisha akampigia yule bwana wa Texas. Bwana yule akamtakia mtoto heri, na kazi ikaondoka hivyo, bila ugomvi.

Kwa hiyo hatuhamii huko, Mama. Pole kwa chumba ulichokipaka rangi.

Kule kwenye nyasi, wa kwanza kusema alikuwa Tuck; aliuliza ishara ya chakula ni ipi, maana mara nyingine angependa kuitiwa jambo la heri. Wakacheka wote. Sasa kila apitaye mlangoni kwetu hugusa kofia na kujipiga kifuani, na Lorne anakwenda kwa huyu, anarudi kwa yule. Wendell anasema huyo ndiye mwizi wa vituo ambaye hajawahi kutolewa. Juzi nililala mchana, Mama, dirisha wazi, wao wakimtunza uani.

Njoo majira ya joto. Tafadhali usianze kuita kuanzia barabarani kama kawaida yako, hatageuka. Simama mahali atakapokuona, lipinde hilo goti kadiri litakavyokubali. Na uje na ile kofia yako ya buluu ya kanisani, yenye ukingo mpana.

Mpe salamu mti wako wa pichi, na wote wa kwako. Mashine imesimama, mtoto anaamka.

Mwanao,
Corinne