Mkaratusi wa Dorothea

Muleba, 10 Februari 2024

Dada Dorothea,

Shikamoo. Habari za Marekani, na mwanao Queen hajambo? Sisi wazima, ila Mama anazidi kusahau. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana.

Nataka kuukata ule mkaratusi ulioupanda chemchemini siku ulipoondoka. Chemchemi imekauka. Afisa misitu anasema mti huo unakunywa sana na kwao si hapa. Nateka maji mtoni, saa nzima kwenda na kurudi.

Na niseme lingine, nisije nikapasuka. Kila asubuhi Mama anaufuata mti, anaupapasa, anausalimia: "Umeamkaje, Dorothea?" Mimi ninayemwogesha ananipita kama sipo. Nauonea wivu mti, dada.

Mdogo wako,
Anitha

Langley Park, 9 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Queen hajambo, mimi mgongo tu.

Usiuguse. Queen amefundishwa shuleni habari za koala, mnyama wa Australia anayeishi kwa majani ya mikaratusi. Misitu yake inakatwa na kuungua, na akishuka kutafuta mti mwingine, mbwa wanamrarua au gari linamgonga. Mwanangu alilia akasusa chakula. Nimwambie mama yake mdogo ameshika shoka?

Tena wivu gani? Wewe unaye Mama mwenyewe. Mimi naogesha mama za watu huku Silver Spring, nikirudi nalia ndani ya basi. Huko nimebakiwa na mti tu, nao unautaka.

Dada yako,
Dorothea

Muleba, 5 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mpe Queen pole. Mwambie huku hakuna koala hata mmoja. Mti uliletwa bila mnyama wake. Kwao mnyama analala njaa, kwetu mti unatumalizia maji.

Jumatano Mama alichukua ndoo akaenda chemchemini kama zamani. Akakaa akingoja maji yaje. Nilimkuta jioni, midomo imepasuka, ameegemea mti wako. Sikati bila ruhusa yako. Sema neno.

Mdogo wako,
Anitha

Langley Park, 30 Juni 2024

Anitha,

Hamjambo? Barua yako nimekaa nayo wiki kadhaa. Nilitaka uteseke kidogo, sitakudanganya. Huku wanajenga reli, wamefyeka miti barabara nzima nami napita bila kuumia. Huo mmoja ndio ulionishinda.

Jana Queen aliniuliza, "So bibi anakunywa nini?"

Kata.

Dada yako,
Dorothea

Muleba, 2 Desemba 2024

Dada Dorothea,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Niliukata Julai, nikaogopa kukuandikia kabla sijajua kama mti ulikufa bure. Sasa mvua za vuli zimenyesha na chemchemi imeanza kuchuruzika. Ni kidogo, lakini ndoo inajaa nikiwa naosha vyombo.

Mama alikizunguka kisiki siku tatu, akitafuta. Siku ya nne alinifuata jikoni, akanishika uso, akaupapasa taratibu. Tangu hapo ananisalimia kabla ya watu wote.

"Umeamkaje, Dorothea?"

Naitika.

Mdogo wako