Unga Aliotia Rehema Kwenye Chai

Ngombezi, Korogwe

Dada yangu Leokadia,

Shikamoo. Nimesikia goti limekusumbua tena, na kwamba maharage yamewahi kukomaa. Lipumzishe hilo goti. Maharage yana wavunaji wengine. Sisi huku tunapumua. Barua hii nimempa Zabroni, mwenzangu wa kiwandani anayekuja likizo Kasulu, akukabidhi mkononi. Simu sikuitaka. Wewe huweka spika, na mambo haya si ya kusikilizwa na sebule nzima. Isome peke yako kwanza.

Ulijua nakunywa, lakini hukujua kiasi. Tangu mwaka juzi sikuweza kuanza kazi asubuhi kabla sijapata gongo. Mikono ilitetemeka, nami kazi yangu ilikuwa kulisha majani ya mkonge kwenye korona, ile mashine inayoyachuna zikabaki singa tupu. Pale mkono ukichelewa, unakwenda na majani. Msimamizi akanitoa kwenye mashine akanipeleka kuanika singa. Nikajiambia ananionea kwa sababu mimi ni mtu wa kuja.

Halafu nikaanza kuumwa. Kila nikinywa, tumbo linajikunja, natapika mpaka nyongo. Wenzangu niliokunywa nao chupa moja, wazima kabisa. Nikawaza, hii si pombe, huu ni mkono wa mtu. Nikakumbuka maneno ya baba mdogo nilipomwoa Rehema: "Umekwenda kuoa Handeni? Mwanamke wa kule usimkosee. Kwao dawa ni kama chumvi." Siku ile nilimcheka.

Nikaanza kumchunguza mke wangu, dada. Akiongea Kizigua na mama yake kwenye simu, nasimama nyuma ya mlango kusubiri jina langu, na nikilisikia nasema, ndiyo hivyo. Nilipekua sanduku lake. Nilikataa kula mpaka aonje yeye kwanza. Jumapili moja nilitoka kanisani kabla ya matangazo, nikapitia uani, nikamkuta jikoni. Mkono mmoja ameshika kikombe changu cha chai, mwingine kikaratasi kilichokunjwa, anamimina unga wa kijivu.

Nikamkamata mkono.

"Rehema, unaniua?"

"Nataka upone!" Alikuwa analia. "Ni dawa ya kuachisha pombe. Niliambiwa usijue, ukijua haifanyi kazi."

"Uliambiwa na nani? Na watu wa kwenu?"

"Kwetu hawajui lolote. Nimenunua Mombo, mabasi yanaposimama, kwa mtu anayetangaza na kipaza sauti. Hata Kizigua hakijui."

Sikumwamini. Nikamnyang'anya kile kikaratasi, nikapanda bodaboda mpaka hospitali mjini. Nia yangu ilikuwa moja: waupime ule unga, wanipe karatasi niende nayo polisi.

Nikampata muuguzi, mama wa Kishambaa anayeitwa Sista Hilda. Aliunusa, akasema hapo hawana cha kuupimia. Kisha akauliza, "Unakunywa kiasi gani?"

"Nimekuja kwa ajili ya sumu, si pombe."

"Naona mikono yako. Inacheza, na hata saa sita haijafika."

Nikajua Rehema ameshampigia simu. Nikamwambia hivyo hivyo usoni.

"Mke wako simjui," akasema. "Mikono ya namna hiyo naijua. Unga huu uache, hakuna anayejua umechanganywa nini. Lakini usije ukaenda nyumbani ukaacha pombe ghafla kwa hasira. Mtu aliyezoea kama wewe akikatiwa ghafla anaweza kuona visivyokuwepo, akapata degedege, akafa. Lazima upewe dawa na mtu wa kukuangalia."

Wakanilaza. Usidhani niliamini. Vidonge vya kwanza nilivificha shavuni nikavitema, nikidhani wananilevya ili msimamizi apate sababu ya kunifukuza. Kesho yake nikaona siafu wamejaa kwenye shuka. Nikapiga kelele. Rehema, aliyekuwa amekuja kunihudumia, akapangusa shuka ambayo haikuwa na kitu, akapangusa tena na tena kwa sababu nilimwomba. Sista Hilda akaja akanitazama. "Ulivitema, sivyo?" Tangu hapo nilimeza mbele yake na kufungua mdomo kama mtoto.

Nilitoka siku ya nane. Sasa ni miezi miwili, na nimeteleza mara moja tu. Kila Alhamisi naenda Manundu, chumba kilicho nyuma ya fundi cherehani, ambako tunakutana watu saba tulioacha au tunaojaribu. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango nikikisia nani atayapeleka maneno kiwandani. Siku hizi nakaa katikati, ila jina la ukoo bado sijawapa. Nyumbani, Rehema ananinusa nikiingia, nami nainusa chai kabla ya kunywa. Kucheka bado hatujaweza.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Sista Hilda aliposema habari ya kukatiwa ghafla, nilimwona baba. Kumbuka, dada. Tulimfungia chumbani ili aache pombe, mimi, wewe na baba mdogo, na ufunguo nilikaa nao mimi. Siku ya pili akasema kuna nyoka kitandani. Siku ya tatu akakakamaa, akatutoka. Mama Skola, yule mke mdogo wa baba, ndiye aliyekuwa akimpitishia uji dirishani. Alitusihi, "Mfungulieni, mpeni hata kikombe kimoja, atakufa." Baada ya mazishi tukasema, kama si mchawi, alijuaje kwamba atakufa? Tukamtoa na watoto wake wawili, nyumba yake tukaibomoa.

Nilimsimulia Sista Hilda. Akasema hawezi kumsemea mgonjwa ambaye hakumwona. Kisha akauliza tulimfungia siku ngapi, na swali lile lilinitosha.

Nasikia Mama Skola yuko Kibondo kwa binti yake. Likizo yangu ikitoka nitakuja, twende wote wawili. Nisalimie shemeji na baiskeli zake anazotengeneza, mwanao anayesomea uashi, na bibi yetu aliyetuzalisha wote. Baba mdogo msalimie pia, ila usimwambie safari hii, nitamwambia mwenyewe. Rehema anakuamkia.

Usitume mtu wala zawadi imtangulie Mama Skola. Akifungua mlango, tupige magoti hapo hapo nje. Hata akitutukana, tusimjibu neno mpaka amalize yote.

Ni mimi mdogo wako,
Deogratias