Chuma Kwenye Makopo Tisa

Baba,

Mkunga amesema leo saa nne asubuhi kwamba mtoto ni mzima, moyo wake unapiga vizuri, na damu yangu iliyokuwa chini mwezi uliopita imepanda. Ni wiki ya ishirini na nne. Nimeanza na hilo kwa sababu najua Mama ndiye anayekusomea, na asingevumilia salamu kabla ya kulisikia. Sasa shikamoo Baba, na shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Dada ameniambia daktari wa macho amekuahirisha tena hadi mwezi ujao, nawe ukamjibu kwamba akichelewa zaidi utakuja kumtambua kwa kumpapasa. Natumaini alicheka. Sisi hatujambo. Mkwe wenu anawasalimu. Anakohoa tangu aache sigara, na anaona hiyo ni dhuluma ya wazi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, Baba, unakatiza. Habari niliyo nayo ni ndefu na ningependa ifike mwisho. Mama, tafadhali soma kila mstari, hata ule utakaoona haufai kwa masikio yake.

Nianze na nyumbani. Mnajua mume wangu ni mpima ardhi; tangu aliposikia habari ya mtoto amekuwa akipima kila kitu. Chumba kidogo amekipima mara tatu, na bado kitanda cha mtoto kimezidi mlango kwa vidole viwili. Kimebaki sebuleni, tunawekea nguo zilizokauka. Kwenye jokofu amebandika ratiba: saa ya kutembea, saa ya maziwa, saa ya kuinua miguu. Nalala ubavu wa kushoto nimezungukwa na mito minne, naye amebaki na ukingo wa kitanda ambao anasema ataukatia hati kama kiwanja. Viatu vyangu vyote vimegoma. Naenda kazini na ndara zake, ambazo ni ndefu kama majahazi, na walioniuliza niliwaambia nina kucha mbovu. Mtaona kwamba huo haukuwa uongo wangu mkubwa.

Ugumu ulikuwa kwenye chai. Siku ya kwanza kliniki, wiki ya kumi na tatu, mkunga alikuwa anajaza fomu bila kuinua uso. Aliuliza kama navuta sigara, nikasema hapana. Aliuliza kama nakunywa pombe, nikasema hapana. Aliuliza nakunywa vikombe vingapi vya chai kwa siku, nikasema mia mbili. Aliweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba mimi ni mwonjaji mkuu wa kiwanda cha chai, kwamba naivuta kwa kijiko na kuitema, simezi. Alitaka kujua kama nimesomea kutema. Nikasema baba yangu ndiye aliyenifundisha. Akasema sawa, lakini hata mwenye kutema kuna kinachopita, na aliyeko ndani hana mahali pa kutemea. Tulikubaliana vikombe sitini kazini, na nyumbani nisiguse kabisa. Mume wangu akaapa kuacha pamoja nami. Siku ya nne nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na kikombe. Nilikuwa nimeipata harufu tangu mlangoni. Wifi yangu anasema aliyeoa mwonjaji ameoa mbwa wa polisi.

Sasa kazini. Chumba chako, Baba, ni kilekile: meza ndefu nyeupe, madirisha yasiyopigwa na jua, mizani, kengele ya dakika sita za chai kukolea, na ile ndoo ya kutemea yenye magurudumu. Msaidizi wangu ni yule mrefu uliyemfundisha mwenyewe, na chini yake wako wanafunzi wawili. Desturi uliyoiacha tunaifuata: mkuu anaonja kwanza, anasema neno lake kwa sauti, karani anaandika, kisha wengine wanapita nyuma yake kikombe kwa kikombe wakijifunza ulimi wake. Katika mwaka wa tatu wa kukikalia kiti chako sijasikia mtu akisema tofauti nami. Nilidhani ni kwa sababu sikosei.

Kichefuchefu kilipoanza, hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo raha ya kazi yetu. Ni mtu gani mwingine anaweza kuinamia ndoo mara mia mbele ya meneja na kusifiwa kwa bidii? Kuna siku nilitema zaidi ya chai, na mwanafunzi mmoja akaandika kwenye daftari lake kwamba majani yale lazima yalikuwa mabaya sana.

Wiki ya nane nilionja chuma. Si kidogo: kama mtu aliyelamba msumari. Nikasema neno hilo kwa sauti na karani akaliandika. Msaidizi akapita nyuma yangu, akavuta, akafumba macho, akasema ni kweli, chuma kiko, tena kinabaki nyuma ya ulimi. Wanafunzi nao wakakipata. Kesho yake kikawa kwenye shehena nyingine, na keshokutwa yake tena, hadi zikafika tisa. Wewe unajua neno hilo linafanya nini kiwandani. Walisimamisha mashine ya chekeche kwa siku nne. Nyavu zake zilikuwa zimebadilishwa wiki mbili nyuma na fundi wa mitambo, yule mfupi aliyeanza kazi mwaka uliostaafu, ambaye kila mtu anamwita Spana. Aliifungua hadi nati ya mwisho, akazipanga nati zote juu ya turubai, akatuita tuje tumwoneshe kutu iko wapi. Hatukuiona. Alisema kwa sauti, mbele ya watu wa zamu mbili, kwamba mashine hii ni safi kuliko sahani anayolia nyumbani kwake. Meneja akamjibu kwamba sahani yake haijaonjwa na mwonjaji mkuu.

Spana aliondolewa kwenye mitambo. Walimpa barua ya onyo, na kazi ya milango, uzio na mabomba ya vyoo. Zile shehena tisa zikachanganywa na majani ya daraja la chini. Makopo ya sampuli, kama kawaida, yakabaki kwenye rafu yakiwa na karatasi zenye mwandiko wa karani: chuma.

Baba, sasa nakuomba usimkatize Mama. Ile siku ya kliniki sikuwaandikia yote aliyoniuliza mkunga. Baada ya fomu, alipokuwa ananifunga kile kitambaa cha kupimia presha, aliniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama kinywani napata ladha ya sarafu. Alisema wanawake wengi wanaipata miezi ya mwanzo, wengine hata maji matupu wanayaona kama yametoka kwenye bomba bovu, na kwa wengi inaondoka yenyewe. Presha yangu ilipanda hapohapo. Akadhani naogopa sindano.

Chuma hakikuwa kwenye chai. Kilikuwa kinywani mwangu.

Ladha hiyo ilikuwa ikija na kwenda, na baada ya shehena ya tisa sikuitaja tena; iliondoka kabisa wiki ya kumi na tano. Siku iliyofuata, wenzangu walipokwenda kula, nilifunga mlango, nikayashusha makopo tisa, nikapika vikombe tisa kwa kengele na mizani, nikaonja. Hakuna chuma katika hata kimoja. Vinne kati ya hivyo vilikuwa chai nzuri kuliko yote iliyopita mezani kwangu mwaka huu. Niliosha vikombe, nikayarudisha makopo, nikafungua mlango. Nikanyamaza wiki tisa.

Najua utauliza kwa nini, na sitaki kujitetea, nataka kueleza tu. Kusema kosa kulitaka niseme mimba, na nilipopewa kiti meneja alikuwa ameniambia, kwa uchangamfu, kwamba bodi ina wasiwasi wa kumpa mwanamke kwa sababu ulimi wake unaweza kubadilika. Nilicheka naye. Niliona kwamba nikifungua mdomo, baada yangu hatakalia kile kiti mwanamke mwingine. Na kulikuwa na jina lako, Baba. Mpaka leo wazee wa zamu wananiita binti wa Ulimi. Kila asubuhi nilipita getini, Spana ananisalimia vizuri, ananiuliza hali, mimi najibu salama na kuharakisha, na mtu mwenye tumbo na ndara za mumewe haharakishi vizuri.

Kilichonimaliza ni mtoto. Usidhani nimekuwa mlaini. Ni kwamba wiki iliyopita alianza kupiga mateke kazini, na kila nilipotaja neno kwa karani alikuwa anapiga. Nilijikuta nahesabu. Nikaona nikianza kupata aibu mbele ya mtu ambaye hajazaliwa, basi nimechelewa vya kutosha.

Jumanne nilianza na Spana, kabla ya meneja. Alikuwa anatia mafuta bawaba za geti la mizigo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kutia mafuta hadi bawaba ya chini, akafuta mikono, akauliza mtoto ni wa miezi mingapi. Nikamwambia. Akasema mke wake, mimba ya pili, alikuwa analamba ukuta wa chumbani kila siku, lakini hakuna aliyebomoa nyumba kutafuta kosa. Alicheka sana, mimi pia nikacheka, halafu yeye akaacha kabla yangu. Akasema, mama, mimi nimekuelewa, lakini neno lako halikubaki jikoni mwako. Lilinichafua mbele ya zamu mbili. Ukinisafisha, nisafishe mbele ya zamu mbili. Ni mara ya kwanza mtu wa kiwandani kuniita mama. Nikamwambia ndiyo.

Jumatano niliandika ukurasa mmoja na kumpelekea meneja. Aliusoma mara mbili. Aliniuliza kama ninajua kwamba ninaweza kupoteza kiti. Nikasema najua. Aliuliza kama kuna mwingine anayejua kuhusu makopo. Nikasema ni Spana tu, tangu jana; kabla ya hapo ningeweza kuyatupa. Akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa jino kwamba yeye pia alikionja kile chuma. Alikuja mwenyewe chumbani wiki ile, nami nilikuwa nimekwisha kusema, akavuta kijiko na akakipata. Hilo ndilo lililomkera, Baba, kuliko mimba yangu. Nilimwambia ndilo linalonikera hata mimi. Watu wanne walionja kitu ambacho hakikuwepo kwa sababu mimi nilikitaja kwanza.

Kwa hiyo nimeomba mambo mawili. La kwanza ni Spana arudishwe kwenye mitambo na ile barua ya onyo itolewe kwenye faili lake. La pili linakuhusu wewe. Nimeomba desturi yako igeuzwe: wanafunzi waonje kwanza na kuandika kila mmoja kwenye karatasi yake, kisha msaidizi, na mkuu awe wa mwisho kufungua mdomo. Najua uliiweka ili wadogo wajifunze, na mimi mwenyewe niliujifunza ulimi wako kwa kupita nyuma yako. Lakini ingekuwa hivi wiki ya nane, yule mwanafunzi mdogo angeandika kwamba chai ni nzuri, mimi ningeshangaa, nami ningekwenda kliniki mwezi mzima mapema. Sikuombi ruhusa, kwa sababu barua ya maombi imeshafika. Nakuomba usiumie.

Mume wangu nilimwambia jioni ya Jumatano. Alisema kama kiti kitaondoka basi tutakuwa na mahali pa kuweka kitanda cha mtoto. Kisha akaenda kuupima mlango mara ya nne, na safari hii alirudi na patasi. Leo kitanda kimeingia. Mlango haufungi tena vizuri, lakini kitanda kimeingia.

Mimi sina hofu kama ile niliyokuwa nayo. Miguu imevimba, nalala vipande vipande, natamani chai ya nyumbani, ya maziwa, kikombe kizima, ya kumeza. Mkunga anasema kikombe kimoja kidogo kwa siku hakitamdhuru mtu. Nimekunywa leo, polepole, na ilikuwa na ladha ya chai.

Mama, msalimie Dada na watoto wake, na mwambie zile nguo za mtoto zimefika, zote isipokuwa kofia. Msalimieni na mzee wa jirani anayekuletea magazeti, Baba, hata kama huyasomi.

Jumatatu saa tatu asubuhi wote tutakuwa chumba cha kuonjea: meneja, mjumbe mmoja wa bodi, Spana, na wawakilishi wa zamu zote mbili. Makopo tisa yatapikwa pamoja na mengine tisa yasiyo na historia, vikombe vikiwa na namba tu. Wanafunzi wataonja kwanza. Mimi nitaonja wa mwisho, kisha nitasema nilichowaandikia hapa. Nitapiga simu saa saba mchana, na siku hiyo, Baba, unaruhusiwa kukatiza.

Ni mimi kitindamimba wenu.